Pengo Nyuma ya Sikio la Farasi

Nol: Haloo? Haloo, nani huyo? Nani anatumia simu hii?

Toos: Nol. Ni mimi.

Nol: Mimi nani?

Toos: Toos. Mke wa kaka yako. Sauti yangu umeshaisahau?

Nol: Loh, Toos. Unajua simu yangu imeandika nini hapa? Imeandika Driek. Nimekaa naitazama inalia, nikasema basi, leo nimechanganyikiwa.

Toos: Samahani, shemeji. Yangu imezima, nikabeba hii yake.

Nol: Bado inafanya kazi?

Toos: Naichaji kila Jumapili. Usiniulize kwa nini.

Nol: Sikuulizi.

Toos: Na wewe ukipokea simu usiitike hivyo.

Nol: Hivyo vipi?

Toos: Kama yeye. Hiyo haloo ya puani. Kidogo nikate.

Nol: Sauti ni ya baba yetu, Toos. Alituachia sote wawili. Habari za siku nyingi?

Toos: Hizo siku nyingi ni zako wewe. Kaka yako tumemzika Machi, leo ni Septemba. Mimi nyumba ni ileile, mlango ni uleule.

Nol: Najua.

Toos: Unajua. Haya. Mimi mzima, nyonga tu inanisumbua.

Nol: Uko wapi? Nasikia matarumbeta.

Toos: Niko uwanjani, kwenye maonyesho.

Nol: Kwenye sanamu za maua?

Toos: Jumatatu baada ya gwaride mtu anakwenda wapi kwingine? Sanamu zote kumi na nane zimepangwa hapa, na mimi nimesimama mbele ya farasi wenu.

Nol: Wetu.

Toos: Ndiyo, wenu. Kibao kinasema Kitongoji cha Kapelhoek, nafasi ya pili. Hongereni. Nimemwona Wilma wa hemani kwenu na mumewe kwenye viti pale, na leso za bluu za Kapelhoek shingoni. Wewe sijakuona.

Nol: Nimebaki kwenye hema tulipomjengea. Kuna mabomba ya jukwaa la ujenzi ya kufungua.

Toos: Leo? Peke yako?

Nol: Nimeona nianze mapema.

Toos: Mabomba yanafunguliwa Jumamosi, Nol. Miaka yote Jumamosi, watu thelathini na kreti za bia. Nani anafungua mabomba Jumatatu ya maonyesho?

Nol: Mimi.

Toos: Umenuna.

Nol: Sijanuna.

Toos: Kaka yako akinuna alikuwa anakwenda kupanga mabomba. Kwa urefu. Halafu anayapanga tena kwa unene. Naijua hii familia mimi.

Nol: Umekuja na nani?

Toos: Nije na nani? Watoto hatukujaliwa, mume ndiye huyo amelala kule kanisani. Nimekuja na basi. Nikapanga foleni, nikalipa mlangoni.

Nol: Umelipa? Wewe umelipa mlangoni?

Toos: Nililipa. Yule wa mlangoni hanijui. Akanigongea muhuri mkononi, akaniambia karibu bibi, vyoo viko kulia.

Nol: Toos, hakuna mtu wa Kapelhoek anayelipa pale. Ungemwambia tu—

Toos: Ningemwambia nini? (sauti inakwaruza) —sikia, nikwambie nilichokupigia, maana betri ya simu hii imezeeka, chaji yake ni ya kuokoteza, na huku mtandao wenyewe watu wameujaza wote.

Nol: Sema.

Toos: Farasi ni mzuri. Nasema kweli, sikupaki mafuta. Nimemzunguka mara tatu. Hivi anavyojitutumua ainuke, goti moja bado liko chini, shingo imejaa mishipa. Pumzi naiona. Maua tu yale, lakini naiona pumzi.

Nol: Ulikuwa mchoro wa Driek.

Toos: Unaniambia mimi? Aliuchorea kwenye meza yangu ya jikoni, Januari, na mtungi wa oksijeni uko pembeni. Kila nikiweka sahani anasema subiri, sikio halijakaa sawa.

Nol: Tuliufuata mstari kwa mstari. Hatukubadilisha kitu.

Toos: Hamkubadilisha. Ila mmeacha pengo.

Nol: Wapi?

Toos: Usiniulize wapi. Nyuma ya sikio la kushoto. Upana wa sahani ya mkate. Karatasi ya boksi ya chini ya maua inaonekana, hata ule mstari wa penseli unaonekana. Nilidhani macho. Nikavaa miwani, pengo. Nikaenda upande wa pili nikarudi, pengo.

Nol: Maua yaliisha.

Toos: Yaliisha.

Nol: Ile mvua ya Agosti, mashamba yakaoza, tukawa tunaomba kwa majirani—

Toos: Nol. Chini ya gari lililombeba farasi kuna kreti mbili zimejaa maua. Naziona kutoka hapa nilipo. Nyekundu iliyoiva, ileile ya shingoni. Mtu akitaka kuniongopea kuhusu maua ya dahlia, afadhali aniongopee kuhusu dini.

Nol: (anacheka kidogo)

Toos: Usicheke. Mimi sijapiga kuchekesha. Watu wanapita hapa wananyoosha vidole. Kuna bwana mmoja sasa hivi kamwambia mkewe, tazama, hawa jamaa walichoka. Nilitaka kumpiga na mkoba.

Nol: Ungempiga.

Toos: Ningempiga kwa niaba ya nani? Driek kajenga sanamu miaka arobaini na sita, hajawahi kuacha hata tundu la kidole. Alikuwa anarudi nyumbani kucha zinatoka damu kwa misumari ya kupigilia maua. Halafu mwaka wa kwanza hayupo, mnamtoa mnyama wake barabarani na kidonda kichwani. Imeniuma. Nakwambia wazi, imeniuma, na wewe ndiye msimamizi.

Nol: Ndiyo, mimi ndiye.

Toos: Basi sema kitu.

Nol: (bomba linagongana na bomba)

Toos: Ngoja, kuna watu hapa... Ndiyo, mama. Naam, leteni. Nibonyeze wapi, hapa? Simameni karibu kidogo, huyo baba wa pembeni amekatwa. Haya. Nyingine. Haya, asanteni. Uko hapo?

Nol: Niko.

Toos: Ni wa nne hao tangu nifike. Wanatazama watu wote, halafu wananichagua mimi niwapige picha. Wanaona sina ninayeongea naye.

Nol: Toos...

Toos: Hapana, ni kweli. Nimenunua viazi nikakaa kwenye benchi refu la watu sita. Nikala peke yangu katikati yake. Hakuna aliyekaa. Pengine walidhani nimewawekea wengine nafasi.

Nol: Si ungekwenda kwa wenzako? Hema lao liko palepale pembeni.

Toos: Wenzangu gani?

Nol: Wa kitongoji cha Vosseneind. Wao ndio wameshinda, watakuwa na kelele huko. Kwenu si huko?

Toos: Kwetu. Nilizaliwa huko, ndiyo, nikatoka huko na miaka ishirini na tano na gauni jeupe. Una maana gani, kwetu?

Nol: Tulisikia umerudi kwao.

Toos: Nani kasema?

Nol: Kijiji kizima. Kwamba mpwa wako alikuletea kadi, na ukaonekana hemani kwao unapigilia maua.

Toos: Siku moja, Jumatano.

Nol: Kwa hiyo ulikwenda.

Toos: Nilikwenda kwa sababu waliniita. Annelies alikuja mpaka mlangoni. Kadi imechorwa na maua juu, Shangazi karibu hemani kwetu. Wewe ulitaka nifanye nini, nikae nawasikiliza panya darini?

Nol: Sikulaumu.

Toos: Unanilaumu, nasikia. Basi nikuambie ilivyokuwa. Walinipa kiti chenye mto. Wakaniletea kahawa kwenye kikombe chenye kisahani.

Nol: Kisahani?

Toos: Na kipande cha keki na uma wake. Nikimaliza safu moja ya maua, mtu anasema asante bibi Toos. Safu nyingine, asante bibi Toos. Annelies ananiuliza, shangazi, hujachoka? Hemani, Nol. Umewahi kuambiwa asante hemani wewe?

Nol: Mimi nimewahi kuambiwa niondoe makalio yangu kwenye maua.

Toos: Si ndiyo. Nilimaliza kreti moja, nikavaa koti, nikasema nyumbani nimeacha sufuria motoni. Nimelia njia nzima kwenye baiskeli. Nafika nyumbani, hakuna sufuria, hakuna moto, hakuna mtu.

Nol: Mimi sikujua.

Toos: Ungejuaje? (mlio) Umesikia? Hiyo ni chaji. Inalia ikibaki kidogo.

Nol: Imebaki ngapi?

Toos: Sijui kuisoma hii. Ina kijiti kimoja chekundu. (sauti inakwaruza)

Nol: Toos, nikuambie kitu. Unajua nimekaa wapi?

Toos: Hemani, umesema.

Nol: Nimekaa kwenye ile ndoo iliyopinduliwa, karibu na ubao wa vikombe. Kikombe chako kiko mbele yangu.

Toos: Kikombe changu?

Nol: Kile cha kijani. Chenye mkono niliougundisha mwaka ule ulipokiangusha. Kiko kwenye msumari wake na jina lako juu. Wiki tatu zote za kazi kimekaa, hakuna aliyekigusa. Kuna siku watu walizidi vikombe, mmoja akanyoosha mkono kukichukua, wote wakamtazama mpaka akanywa kwenye kopo.

Toos: Na cha Driek?

Nol: Kando ya chako. Palepale.

Toos: (bendi inasikika)

Nol: Uko hapo?

Toos: Kwa nini hamkuniita, Nol?

Nol: Hatuiti watu.

Toos: Usiniletee—

Nol: Hapana, nisikilize. Tangu lini Kapelhoek inamwita mtu hemani? Hema linasimama, taa zinawaka, mwenye hema anakuja. Anayepelekewa kadi ni mgeni. Mimi nikija kwako na kukuambia karibu hemani, nimekuambia nini? Nimekuambia wewe si wetu. Wilma alisema twende tumwite, nikamkatalia. Nikamwambia Toos haitwi, mtamtukana.

Toos: Kwa hiyo ulikuwa unaniheshimu.

Nol: Ndivyo nilivyodhani.

Toos: Na mimi niko nyumbani nasubiri kuitwa.

Nol: Ndiyo hivyo.

Toos: Mimi hemani niliingia na Driek. Miaka thelathini na nane kazi yangu ilikuwa kumshikia ngazi na kumpandishia maua. Yeye juu, mimi chini natazama soli za viatu vyake. Alipokufa nikasema basi, ngazi haina mtu, mshika ngazi anakwenda kufanya nini? Nitakuja nikasimame wapi? Kila jioni nilikuwa naweka koti kwenye kiti. Nasikia baiskeli zenu zinapita mbele ya nyumba mnaenda, mnacheka. Nasema leo mmoja atagonga. Au hata asigonge, apige kengele ya baiskeli tu. Kling, basi. Ningetoka.

Nol: Mimi nilikuwa napita.

Toos: Lini?

Nol: Kila siku.

Toos: Mbele ya nyumba yangu?

Nol: Kuna njia nyingine? Taa ya jikoni inawaka, nakuona kichwa. Nikifika kwenye ua wako wa michongoma napunguza mwendo.

Toos: Unapunguza mwendo.

Nol: Halafu naendelea.

Toos: Kwa nini, shemeji? Niambie leo. Toka siku ya mazishi hujakanyaga kwangu. Hata kahawa. Nilidhani nimekukosea. Nikawa nakaa nahesabu maneno niliyosema siku ile, lipi lilikuudhi.

Nol: Hapana. Hukusema kitu.

Toos: Basi nini?

Nol: Najitazama kwenye kioo, Toos. Toka amekufa nimezidi kufanana naye. Hizi ndevu, huu mgongo. Sauti umeisikia mwenyewe. Nikasema, nikigonga afungue, ataona nani pale mlangoni? Nikaona nitakutonesha kidonda.

Toos: Ningefurahi kutoneshwa. Nasema kweli. Ungekuja ukakaa kwenye kiti chake ukanywa kahawa na kuongea kwa pua, mimi ningelia siku ya kwanza, siku ya pili ningelia kidogo, ya tatu ningekutuma ukachukue kuni. Sasa nimelia miezi sita peke yangu bila kutoneshwa na mtu.

Nol: Nisamehe.

Toos: Sijafika huko. Pengo.

Nol: Ndiyo.

Toos: Kreti mbili zimejaa chini ya gari, na pengo. Niambie ukweli.

Nol: Unakumbuka Driek kwenye kila mchoro alikuwa anaweka msalaba wa penseli?

Toos: Mahali pa mwisho. Pa kumalizia.

Nol: Penu wawili. Watu sote tunashuka, tunasimama pembeni, yeye anapanda na wewe unashika ngazi, mnafunga kazi. Miaka yote. Mwaka huu msalaba aliuweka nyuma ya sikio la kushoto.

Toos: Upande wa sikio lake mwenyewe lililokuwa halisikii. Alicheka alipouweka. Akaniambia, hapa farasi naye hatakusikia ukimgombeza.

Nol: Basi Jumapili asubuhi tukamaliza kila kitu, pakabaki pale. Ilikuwa saa kumi na mbili. Nikasema tusubiri. Saa moja, tusubiri. Nikawaambia hata kama amerudi kwao, kwa hili la mwisho atakuja. Mvua inapiga hema, watu wamesimama na vikombe, kila baiskeli ikipita nje wote wanageuka.

Toos: Mlikuwa mnanisubiri mimi?

Nol: Watu sitini. Wewe tu.

Toos: Mimi nilikuwa macho. Nilikuwa nimekaa jikoni na viatu mguuni.

Nol: Trekta likawashwa. Wilma akachukua maua, akaweka ngazi, akaanza kupanda. Nikaiondoa ngazi.

Toos: Wilma akiwa juu?

Nol: Kipandio cha pili tu.

Toos: Nol.

Nol: Hakuumia. Alikaa chini, basi. Nikamwambia hapo pana mwenyewe. Akasema waamuzi wataona. Nikasema waone. Wakanipigia kelele wote, wakubwa kwa wadogo, mwaka mzima wa kazi, unatuharibia kwa ukaidi wako. Nikapanda kwenye trekta nikamtoa farasi mwenyewe, na pengo lake.

Toos: Na waamuzi wakaona.

Nol: Walikata pointi tatu. Vosseneind wametushinda kwa mbili.

Toos: Kwa hiyo nafasi ya kwanza...

Nol: Imekaa nyuma ya sikio. Jana jioni Wilma aliniwekea mkate wa soseji mezani bila kunitazama. Hakuna aliyenisemesha. Leo nikaona waende wao uwanjani, mimi nije nishughulike na mabomba yangu.

Toos: Umeyapanga kwa urefu?

Nol: Kwa urefu.

Toos: Mjinga wewe.

Nol: Ndiyo.

Toos: Mjinga mkubwa. Umekataa kugonga mlango mmoja, ukakubali kupoteza gwaride zima.

Nol: Mlango ulikuwa mgumu zaidi.

Toos: (analia, au anacheka, sauti inakwaruza) —wananitazama watu hapa. Bibi analia mbele ya farasi.

Nol: Waache watazame. Wamelipa.

Toos: Hata mimi nimelipa. (mlio) Inalia tena.

Nol: Toos, saa ngapi hapo?

Toos: Saa kumi na dakika ishirini. Wametangaza trekta zinakuja saa kumi na moja kuziondoa sanamu. Kesho mnamvunja?

Nol: Kesho asubuhi. Maua kwenye lori la mbolea, chuma tunakikata.

Toos: Kwa hiyo atakwenda hivyohivyo.

Nol: Zile kreti mbili, nani unadhani kaziweka pale?

Toos: Wewe?

Nol: Nilizilowesha jana zisinyauke. Ndani ya ile ya kushoto, chini ya maua, kuna nyundo ya Driek na misumari kwenye mkebe. Nikasema pengine atakwenda kutazama Jumatatu. Pengine atasogea karibu.

Toos: Kuna kamba hapa. Wageni hawaruhusiwi kuvuka.

Nol: Wewe vuka.

Toos: Na nani apande? Mimi sijawahi kupanda, Nol. Mimi ni wa chini. Nyonga yenyewe hii, nikipanda basi tu dereva ananisubiri.

Nol: Farasi ameinamisha kichwa. Ngazi ile fupi inafika, vipandio saba. Imelazwa nyuma ya gurudumu.

Toos: Vipandio saba.

Nol: Sita, ukinyoosha mkono.

Toos: Waamuzi wameshaondoka. Itasaidia nini sasa? Nafasi ya pili itabaki ya pili.

Nol: Haitasaidia kitu.

Toos: Leso yangu ya bluu iko kwenye mkoba. Nimeibeba tu, sijui kwa nini. Sikuivaa.

Nol: Ivae.

Toos: Na ngazi anashika nani?

Nol: Wilma yuko hapo, umesema. Mwite, atakushikia.

Toos: Simtaki Wilma.

Nol: Ana mikono imara.

Toos: Sijauliza mikono. Nimeuliza nani anashika ngazi yangu.

Nol: (bomba linawekwa chini) Nakuja.

Toos: Kwa baiskeli?

Nol: Kwa baiskeli. Dakika ishirini. Upepo uko usoni, tuseme ishirini na tano.

Toos: Una miaka sabini na moja, usijiue njiani. Nimeshazika mmoja mwaka huu.

Nol: Nitakwenda taratibu haraka.

Toos: Na wale hawasemi nawe. Watakutazama.

Nol: Watanitazama nikiwa nimeshika ngazi, nitakuwa nimewapa mgongo. Toos, sikiliza. Vuka kamba, ukae kwenye kreti, uvae leso. Mtu akikuuliza, mwambie wewe ni wa hema. Usipande kabla sijafika. Unaniahidi? Utaweza kunisubiri?

Toos: Nimekusubiri tangu Machi, shemeji, leo nitashindwa dakika ishirini na—

Nol: Toos? (kimya) Haloo? (kimya) Imekwisha chaji. Toos, kama unanisikia, nakuja na kikombe chako. (kimya) Haloo? Nakuja na vyote viwili.